Radi imeua ng'ombe wanne, ukoo unataka jina la mtu: naombeni ushauri kabla ya kikao

Mjukuu wa Heru (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri mapema maana kikao cha ukoo ni Jumapili.

Ni Kasulu, mkoani Kigoma, nje kidogo ya mji. Radi imepiga mwembe mkubwa ulio nyuma ya zizi, saa kumi alasiri, mvua ndiyo kwanza inaanza. Ng'ombe saba walikuwa wamejikinga chini yake. Wanne wamekufa palepale, wawili walianguka wakainuka, na ndama mmoja aliyekuwa amelala hakupata hata mchubuko. Ndani ya mwezi huohuo bibi amevunjika nyonga, pikipiki ya mdogo wangu imeibwa, na shemeji amesimamishwa kazi.

Baba mdogo anasema mapigo manne kwa mwezi mmoja si bure. Anataka twende kwa mtaalamu atuambie ni nani, na kwa maneno yake yanavyokwenda, jina analo tayari: bibi mmoja jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba. Mchungaji anasema Mungu ana makusudi yake, tusihoji. Binamu yangu anasema ni bahati mbaya tu, basi. Wote watatu wana uhakika wa asilimia mia.

Ninachouliza: ni kweli kila jambo hutokea kwa sababu? Na kama sababu ipo, anayedai kuijua anatakiwa awe na nini mkononi? Halafu kwa nini wale wanne na si wale watatu? Hilo la ndama ndilo linalompa baba mdogo nguvu.

Bwana Mifugo

Pole sana mkuu, ng'ombe wanne ni hasara nzito. Ila kabla ya kufika kwenye nani, hakikisheni kwanza ni radi. Kuna aliyeiona ikipiga, au mmekuta mizoga baada ya mvua kupita? Mfugaji akikuta ng'ombe amekufa ghafla chini ya mti siku ya mvua husema radi bila kuangalia mara mbili, kumbe vinavyoua ghafla ni vingi, na kibaya kwa binadamu ni kimeta.

Kwa radi, anza na mti. Gome huchanika mkanda mrefu kutoka juu kuelekea mizizi, kwa sababu maji yaliyo chini ya gome huchemka papo hapo yakawa mvuke unaolipasua. Mizoga huwa karibu karibu, imekufa kwa pamoja, mara nyingi majani bado yamo mdomoni na ardhini hakuna alama za kupigapiga miguu. Manyoya yaliyoungua huonekana kwa baadhi tu, tazama ndani ya mapaja. Yakikosekana si ushahidi kwamba haikuwa radi. Kuvimba tumbo hakusaidii kutofautisha, huvimba kote kote.

Kimeta ni damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, na mzoga haukakamai kama kawaida. Ukiona hivyo usichune wala kupasua. Vimelea vikipata hewa hujifanya mbegu sugu zinazokaa udongoni miaka mingi sana. Afisa mifugo anachukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, anapaka kwenye kioo, anatia rangi ya methilini bluu na kutazama kwa hadubini. Mzoga unafukiwa mita 2 kwenda chini, mbali na maji. Na nyama ya ng'ombe aliyekutwa amekufa haiingii sufuriani, hata kama mtaa mzima umeshakuja na visu.

Mjukuu wa Heru

Asante bwana mifugo. Kijana anayechunga kwa jirani ameiona kwa macho. Gome limechanika kutoka tawi la juu hadi chini, upana wa kiganja. Afisa mifugo alifika jioni ileile, akachukua damu sikioni kwa wote wanne, hakukuta kimeta. Mizoga imefukiwa.

Bwana Mifugo

Basi hapo mna uhakika mzuri. Palikuwa na jibu la pili ambalo lingeweza kuwa kweli, likapimwa, likaanguka. Mengine yote kwenye huu uzi jaribuni kuyapitisha njia hiyohiyo.

Fundi Ethi

Nijibu la wanne kufa na watatu kupona. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Ikishuka kwenye shina haiishii pale, inasambaa ardhini kila upande, na volti zinapungua kadiri unavyokwenda mbali na mti. Maana yake kati ya sehemu mbili za ardhi kuna tofauti ya volti. Ng'ombe miguu yake ya mbele iko sehemu moja na ya nyuma iko sehemu nyingine, mita 1.5 hivi. Umeme unapanda huku unashukia kule, na njiani kuna moyo. Hata kwa binadamu, wengi wanaokufa kwa radi hawajapigwa moja kwa moja, huwa ni huo umeme wa ardhini.

Chukua udongo wenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa omu-mita 100. Ng'ombe aliyeelekeza kichwa kwenye shina, miguu ya mbele ikiwa mita 5 kutoka hapo, anapata karibu volti 22,000 kati ya mbele na nyuma. Huyohuyo akiwa mita 15 anapata kama 2,900. Akiwa palepale mita 5 lakini amesimama ubavu, miguu ya mbele na ya nyuma iko umbali uleule kutoka kwenye shina, tofauti inakaribia sifuri. Ndama aliyejikunja, akigusa ardhi kwa urefu wa nusu mita tu, anapata chini ya 9,000, tena umeme unapita ubavuni badala ya kupanda mguu na kuvuka kifua. Ndiyo maana mtu aliyekutwa nje na radi anaambiwa abane miguu pamoja.

Hesabu hiyo imechukulia udongo uko sawasawa kila upande, na si kweli. Mizizi, mawe na dimbwi la maji vinaupeleka umeme upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwa hiyo siwezi kukaa huku nikakwambia yule mwekundu amekufa kwa sababu alitazama shina na yule mweusi amepona kwa sababu alitazama barabara. Kama mnakumbuka kila mmoja alipoangukia, chomekeni vigingi, pimeni kwa futi kamba, mchore kwenye karatasi. Mkikuta waliokufa walikuwa mbali na waliopona walikuwa karibu wakiwa wameelekea shina, maelezo yangu yana tatizo na mje mniambie.

Mzee wa Mwanga

Fundi umeeleza vizuri, lakini umejibu namna, hujajibu kwa nini. Fizikia inaonyesha kisu kilivyokata, haisemi nani ameshika mpini. Miembe iko mingapi Kasulu? Kwa nini huo, saa hiyo, ng'ombe wakiwa papo hapo? Na radi za kutumwa ukanda huu hatujaanza kuzisikia leo.

Hesabu Tu

Mzee, swali lako ni halali, na ni la zamani. Wazande, kabila la Sudan Kusini, hupumzika kivulini chini ya ghala la nafaka. Ghala likiwaangukia, wanajua kabisa mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke wakati ule, na si saa moja baadaye pasipo na mtu. Mfaransa Antoine Augustin Cournot, karne ya 19, alilijibu hivi: kila mfuatano wa visababishi una mantiki yake, lakini mifuatano miwili isiyotegemeana ikikutana, huko kukutana hakuhitaji sababu ya tatu. Mchwa wana sababu ya kula nguzo, watu wana sababu ya kutafuta kivuli. Kukutana kwao ndiko tunakokuita bahati.

Kwa Kasulu hata hiyo bahati ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ng'ombe walikuwa chini ya mti kwa sababu mvua ilianza. Radi ilikuwepo kwa sababu wingu hilohilo lilifika. Saa kumi ni muda ambao mawingu ya radi ya nchi kavu yamekwisha kukomaa kwa joto la mchana, na ni muda ambao ng'ombe wanarudi zizini. Mwembe ulipigwa kwa kuwa ndio mrefu pale, na ng'ombe waliukimbilia kwa kuwa ndio wenye kivuli kikubwa pale. Ukiuliza "kwa nini radi ipige ng'ombe walipokuwa" umeshasahau kwamba kilichowapeleka hapo ndicho kilichoileta radi.

Kinachobaki ni kwa nini mwembe huo na si ule wa jirani mita 200 mbele. Hapo elimu yenyewe inasimama. Radi haishuki kwa mstari mmoja. Inateremka kwa hatua, kila hatua kama mita 50, na inapokaribia ardhi vitu virefu vinarusha cheche za kupanda kuipokea. Cheche itakayoiwahi ndiyo inayopigwa. Hakuna chombo kinachoweza kusema kabla ni ipi. Mtaalamu wa hali ya hewa atakwambia alasiri hii wilaya hii itakuwa na radi. Ni mti upi, hajui. Tofauti yake na baba mdogo ni kwamba anapofika hapo anakaa kimya.

Kuhusu kuzisikia sana ukanda huu: takwimu za setilaiti zilizochapishwa 2016 ziliiweka Kabare, Kivu Kusini, kaskazini mwa ziwa letu Tanganyika, nafasi ya pili duniani, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233 hivi. Hao ni majirani zetu kwa mawingu.

Sasa mapigo manne kwa mwezi. Ukoo wenu una watu wangapi, na wakwe? Tuseme 60. Tuseme kila mtu hupatwa na pigo moja kubwa kila miaka miwili: ugonjwa, wizi, kazi, mfugo. Hayo ni 30 kwa mwaka, wastani 2.5 kwa mwezi. Yakija yenyewe bila kupangwa na yeyote, hayajigawi sawasawa. Bonyeza kwenye kikokotozi: mwezi bila pigo ni namba e (2.718) kwa kipeo cha hasi 2.5, yaani 0.082. Zidisha kwa 2.5 upate mwezi wenye pigo moja, 0.205. Zidisha kwa 2.5 ugawe kwa 2 upate mawili, 0.257. Zidisha tena kwa 2.5 ugawe kwa 3 upate matatu, 0.214. Jumla 0.758. Iliyobaki hadi moja ni 0.242, na hiyo ndiyo nafasi ya mwezi kuwa na mapigo manne au zaidi. Karibu miezi mitatu kila mwaka! Miezi mingine hamkuihesabu kwa sababu haikuwa na radi ya kuwaamsha.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Inachukulia mapigo hayaambukizani, na yanaambukizana: shemeji akisimamishwa kazi, hela ya hospitali ya bibi inachelewa, na pigo la pili linazaliwa na la kwanza. Hilo linaongeza kurundikana, halipunguzi.

Halafu pikipiki ina mkono wa mtu kweli. Nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa mliyoripoti), msiiweke kapu moja na radi.

Dada wa Kibirizi

Hapo kwa shemeji pia, barua ya kusimamishwa lazima ina sababu zimeandikwa. Isomeni kwanza!

Ustadhi wa Ujiji

Nichangie upande wa dini kwa kuwa mchungaji ametajwa, na kwetu nako wapo wanaosema vilevile. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo. Wanahistoria huiweka Januari 632. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Akawaambia jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Imo katika Bukhari. Angalieni kwamba yule ambaye tafsiri ile ingempa heshima ndiye aliyeikataa.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani. Kudai unaisoma kadari ya tukio fulani hadi unamtaja mtu ni jambo jingine, huko ni kudai elimu ya ghaibu. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia bila kumfunga akimtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Imepokewa na Tirmidhi.

Mwimba Alto

Kwa Wakristo someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua, na Yesu akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana. Ayubu naye, sura ya kwanza, kondoo wake wanateketea kwa moto ulioshuka kutoka mbinguni, kwa hiyo kesi ya mifugo na radi imo humo tangu zamani. Msomaji anaambiwa kilichotokea mbinguni, Ayubu mwenyewe haambiwi kamwe, hata kitabu kinapokwisha. Rafiki zake watatu walikaa naye siku saba kimya. Walipofungua midomo kumweleza sababu ndipo walipoharibu, na ndio waliokemewa. Mchungaji wenu akisema Mungu ana makusudi sina ugomvi naye. Ugomvi ni kwa anayeanza kuyasoma makusudi hayo kwenye uso wa jirani.

Mzee wa Mwanga

Nimewasoma wote. Lakini hata ninyi hamwezi kuthibitisha kwamba hakuna mkono wa mtu. Au mnaweza?

Hesabu Tu

Hatuwezi. Nakubali bila kuzunguka. Kuthibitisha kwamba kitu fulani hakipo popote ni kazi isiyoisha. Ila jaribu swali hili kwa baba mdogo: ingekuwaje ndipo ukubali si yule bibi? Ng'ombe wote saba wangekufa, angesema ana nguvu nyingi. Wangepona wote, angesema amejaribu akashindwa. Wamekufa wanne, anasema ni onyo. Radi ingepiga kwa bibi mwenyewe, angesema imemrudia. Dai linalokaa na kila matokeo halijaeleza tokeo lolote. Dai la radi lingeweza kuangushwa na tone la damu la sikioni.

Halafu uhakika unaohitajika hautokani na tukio, unatokana na utakachofanya nao. Kuhamisha ng'ombe wasijikinge chini ya mti, ukiwa na uhakika hata wa asilimia 10 tu fanya, maana ukikosea umepoteza jasho la siku moja. Kumtaja bibi wa watu, ukikosea hakuna wa kurudisha.

Binti Uvinza

Hapo kwenye kumtaja niongeze sheria, maana watu wanadhani ni maneno ya kikao tu. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya sheria hiyo. Mganga wa tiba asili anasajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na usajili huo ni wa kutibu. Hauna kipengele cha kutaja majirani. Ramli chonganishi serikali iliipiga marufuku, na mwaka 2015 ilikaza baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo "twende tukaulize tu" ina kesi ndani yake, na ukoo mzima unaweza kuitwa.

Na ramli inavyofanyika ijueni. Mpiga ramli hakupi jina, anakupa umbo: mtu mzima, hayuko mbali, mliwahi kutofautiana kuhusu mali, mmoja wenu alikula kwake. Nani Kasulu hana jirani wa namna hiyo? Mnaondoka mkiamini amemwona, kumbe jina mlikwenda nalo. Wazee wa kike ndio wanaoangukiwa zaidi, na macho mekundu yanayotajwa kama ushahidi ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Kama kuna mzozo wa mpaka, huo ni mzozo wa mpaka. Upelekeni baraza la kata kwa usuluhishi, mwende na mashahidi wa mpaka na karatasi za mauziano kama zipo.

Mahakama yenyewe, kwa taarifa yenu, haiombi asilimia mia. Jinai ni bila kuacha shaka lenye mashiko, madai ni upande gani una uwezekano mkubwa zaidi. Baba mdogo hafiki hata kwenye hicho cha pili.

Mjukuu wa Heru

Nimeelewa mengi. Sasa kikaoni naongeaje? Mimi ni mdogo, baba mdogo ndiye anayekaa kwenye kiti. Na mama anataka mwembe ukatwe kesho.

Mzee wa Mwanga

Msimamo wangu haujahama, mambo yapo. Lakini kikao cha kumtaja mtu nakijua kinavyoisha, kwa hiyo sikiliza.

Usimpinge baba yako mdogo mbele ya wakwe. Mwendee kabla, Ijumaa jioni au Jumamosi, na umchukue mtu anayemheshimu, kaka yake au shangazi yenu mkubwa. Msianze na sababu, anzeni na pole, kwani ng'ombe wale kwake si hesabu tu. Kisha mwombe jambo moja dogo: kikao kisitaje jina. Usimwambie "hakuna sababu", hapo utamfanya mjinga na hatakusikia tena. Mwambie, "Baba, sababu tuliyoiona kwa macho ni hii ya mti na mvua, na karatasi ya vigingi hii hapa. Kama kuna nyingine hakuna kati yetu aliyeiona, na kwa tusiyoiona tusimguse mtu." Mpe kazi ya kusimamia ujenzi wa zizi, ng'ombe wasijikinge tena chini ya mti. Mzee akiwa na kazi mkononi hasira inapata pa kwenda.

Na kama ataendelea kulitaja jina, mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe mapema, kimya kimya, kwa ajili ya usalama wa yule bibi.

Binti Uvinza

Mzee, hiyo ya mwisho ningeiweka ya kwanza. Mwenyekiti ajulishwe kabla ya kikao.

Fundi Ethi

Mwembe usikatwe. Ukiukata, kitakachobaki kirefu pale ni nyumba au zizi. Tatizo ni ng'ombe kukosa kivuli kingine. Zungusheni uzio wa miti kuanzia mita 15 kutoka kwenye shina. Seng'enge hapana, inaubeba umeme hadi mwisho wa uzio na kumpata ng'ombe aliye mbali kabisa. Na msifunge ng'ombe kwa mnyororo kwenye shina, hiyo ni kumwunganisha kwa mkono.

Zizi lipate paa. Bati haliiti radi, ila bati lililokaa juu ya nguzo za miti bila njia ya kushukia huirusha kwa chochote kilicho karibu chini yake. Njia hiyo ni shaba ya milimita za mraba 50, angalau mbili, kwenye pembe zinazokabiliana. Zishuke wima bila kona kali, maana kwenye kona radi huruka pembeni. Kila moja iishie kwenye fimbo ya ethi (ya kuupeleka umeme ardhini) ya mita 1.5 au zaidi, ipigwe nje, upande ambao mifugo haisimami. Fimbo moja isipotosha ongeza ya pili, na nafasi kati yao isipungue urefu wa fimbo, mara mbili yake ni bora zaidi. Unganisha kwa klampu za shaba. Waya uliozungushwa kwa koleo unalegea na kutu inaingia. Mita 2 za chini zipite ndani ya bomba la plastiki, kwa ajili ya anayegusa na kwa ajili ya wezi wa shaba, ambao nao ni visababishi vya kuhesabu.

Pimeni kwa kipima ethi, lengo ni omu 10 au chini. Pimeni kiangazi. Masika kila ethi inaonekana nzuri kwa sababu udongo umelowa, halafu radi za kwanza za Oktoba zinaikuta kavu.

Na msiambiwe na fundi yeyote kwamba mkishaweka mmemaliza. Viwango vya kimataifa vya kinga radi vina madaraja manne. La juu kabisa linahesabiwa kuzuia madhara kwa asilimia 98, la chini 80. Hakuna daraja la mia.

Nesi wa Zamu

Kwa binadamu, maana mvua bado zipo: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshike mara moja. Kumfukia udongoni au kumpaka matope ni kupoteza dakika. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mibonyezo 30 mpe pumzi 2. Pumzi msiziache, kwa radi moyo huweza kurudi wenyewe kabla ya mapafu. Wakiwa wengi wameanguka, anza na anayeonekana amekufa, anayelia ataweza kusubiri. Kukaa ndani: dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukiona mwanga hesabu sekunde hadi ngurumo, ugawe kwa 3, hizo ni kilomita. Kufunika vioo na kuficha nguo nyekundu hakusaidii chochote, chomoa simu kwenye chaji.

Mjukuu wa Heru

Asanteni sana. Shangazi amekubali kwenda nami Jumamosi, na mwenyekiti nitamwona kesho asubuhi. Fundi, swali moja: kuna fundi hapa anasema shimo la ethi lijazwe chumvi na mkaa ndiyo omu zinashuka. Ni kweli?

Fundi Ethi

Zinashuka, ndiyo maana wanapenda: siku ya kupima kipimo kinasoma vizuri na fundi analipwa. Lakini chumvi inasombwa na mvua za misimu michache, na kabla haijaisha inakula shaba na klampu. Mkaa wa kupikia uliosagwa unashika unyevu kidogo, hauna madhara makubwa, ila hauponyi udongo mbaya. Kama mna nafasi ya kuchimba, fimbo ndefu zaidi ni bora kuliko dawa yoyote ya shimoni, kwa sababu chini ndiko unyevu unakobaki kiangazi. Mkishindwa kushuka kwa sababu ya mwamba, lazeni shaba kwenye mtaro wa kina cha nusu mita au zaidi, mita 10 na kuendelea, ukielekea mbali na zizi. Na muwe na kipimo cha kila mwaka mwezi Septemba, mkiandike tarehe na omu kwenye mbao ya mlango wa zizi.